Askari Aliyerudi Nyumbani

Katika njia kuu ya Kenyatta, katikati ya mji wa Nairobi, zimesimama sanamu tatu za shaba. Mmoja ni askari wa jeshi la Keya, wa pili ni askari wa kikosi cha Waarabu wa pwani, na wa tatu ni mpagazi. Sanamu hizo ziliwekwa mwishoni mwa miaka ya 1920, ziwe ukumbusho wa watu wa nchi hii waliopigana na kutumika katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Chini yake pana maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yenye ahadi ya kwamba majina ya waliokufa yatakumbukwa na wana wao. Ahadi hiyo ni njema, lakini ni ahadi kwa wafu. Juu ya wale waliorudi hai maandishi hayasemi neno.

Insha hii ni habari ya hao waliorudi hai. Wengine walirudi na miguu yao yote na mikono yao yote, wakaonekana wazima, kumbe walikuwa na jeraha ambalo jicho halilioni. Nataka kuonyesha jinsi mji wetu na nchi yetu zilivyolitazama jeraha hilo kwa muda wa miaka mia na zaidi, na kwa nini dawa yake haiwezi kuanza katika hospitali kubwa peke yake, bali yapasa ianze katika zahanati iliyo karibu na nyumba ya mgonjwa.

Kwanza tulifahamu jeraha lenyewe. Mtu aliyepita katika hatari kubwa ya kufa, au aliyeona wenzake wakiuawa mbele ya macho yake, huweza kubaki na hatari hiyo moyoni hata baada ya kufika mahali pa salama. Usiku huota mambo yale yale, akaamka anatoka jasho. Mchana huyakwepa mazungumzo na mahali po pote panapomkumbusha yaliyotukia. Mlango ukigongwa kwa nguvu huruka, hukasirika upesi, hawezi kuketi ila awe ameuelekea mlango, na watu aliowapenda huwa kama wageni kwake. Mambo hayo yakiendelea kupita mwezi mmoja na kumzuia mtu kufanya kazi zake au kuishi na wenziwe, basi ni maradhi. Wahenga wetu waliona kitu cha namna hiyo, wakasema: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Madaktari wa Ulaya walikawia kulifahamu jambo hilo. Mwaka 1915 daktari Mwingereza, Charles Myers, aliandika habari za askari waliopoteza kumbukumbu, na nguvu za kuona na kunusa, baada ya mizinga kupasuka karibu nao. Wengi walidhani mshindo wa mizinga umeutikisa ubongo. Wengine walisema ni woga tu. Katika vita hivyo jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake 306 kwa makosa kama vile kutoroka na kuogopa mbele ya adui, na baadhi yao yamkini walikuwa wagonjwa. Serikali ya nchi hiyo iliwasamehe mwaka 2006, walipokuwa wamekwisha kaburini karibu miaka tisini. Jina linalotumika sasa, yaani maradhi ya msongo baada ya kiwewe, liliingia katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam.

Lakini isidhaniwe ya kwamba kabla ya hapo hapakuwa na watu duniani waliojua ya kuwa vita humfuata mtu nyumbani. A. C. Hollis, aliyeandika kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, aeleza desturi yao moja. Mnandi aliyemwua mtu wa kabila jingine hakuruhusiwa kuingia nyumbani mara moja. Alijipaka rangi nyekundu upande mmoja wa mwili na nyeupe upande wa pili, akajijengea kibanda karibu na mto, akakaa huko siku nne mbali na mkewe, akila vyakula vilivyoruhusiwa tu. Siku ya nne ilipokwisha alikunywa dawa ya gome la mti ili asafishwe, kisha akarudi kwa watu wake. Makabila mengine kadha wa kadha ya Afrika Mashariki yalikuwa na desturi zinazofanana na hiyo.

Sisemi ya kwamba dawa ya gome iliponya maradhi ya akili. Lakini tazameni maana ya desturi ile. Kijiji kizima kilikiri ya kwamba mtu aliyetoka kuua hayuko sawa na mtu aliyetoka shambani, kilimpa muda, kilimpa mahali, na mwisho kilimpa njia ya wazi ya kurudi. Aibu haikuwamo, kwa maana desturi hiyo ilimpasa kila mpiganaji aliyeua, shujaa na mnyonge.

Vita vya 1914 vilikuja na utaratibu mwingine. Wapagazi walikusanywa kwa maelfu, na mwaka 1917 uandikishaji ukawa mkali kupita kiasi. Walibeba vyakula na risasi kuyafuata majeshi katika nchi ambayo sasa ni Tanzania bara. Wanahistoria hukisia ya kwamba zaidi ya 40,000 kutoka Kenya peke yake walikufa, na wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na njaa. Kambi yao ya Nairobi imeacha jina lake katika mtaa wa Kariokor, kama vile ile ya Dar es Salaam ilivyoacha jina la Kariakoo. Wale waliosalia walifumba macho ya ndugu zao njiani, wakawaacha bila kaburi, wakaendelea na mzigo. Vita vilipokwisha walirudi makwao, kwa wazazi na wake ambao hawakuyaona hayo. Hatuwezi kuwapima wafu leo na kusema huyu alikuwa mgonjwa na yule alikuwa mzima. Lakini binadamu ni binadamu, na hapana sababu ya kudhani ya kwamba mioyo yao ilikuwa ya mawe.

Vita Vikuu vya Pili vilichukua watu wengi zaidi katika jeshi lenyewe. Wakenya karibu 98,000 waliandikwa. Walipigana na Waitalia katika Somalia na Ethiopia, wakaenda Madagascar mwaka 1942, na mwaka 1944 wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Huko Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafukuza adui katika bonde la Kabaw wakati wa masika, katika matope na malaria, ambapo risasi hutoka kichakani na anayepiga haonekani. Bahari nayo ilichukua sehemu yake. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama kwa dakika chache. Watu karibu 1,300 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Mwanafunzi apitaye barabara ya Ngong, magharibi ya mji, aweza kuingia katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1941. Makaburi karibu 2,000 yamepangwa hapo kwa mistari, majani yamekatwa, na kila jiwe limeandikwa. Hapo hapo pana ukumbusho wa wale wasio na kaburi, pamoja na askari waliozama katika Khedive Ismail. Wafu wa vita vile wametunzwa kwa heshima. Lakini askari aliyeokolewa majini, aliyesikia sauti za wenzake chini ya sitaha kisha zikanyamaza, yeye alitunzwa wapi?

Baada ya 1945 askari walipewa hati za kuachishwa na kiinua mgongo kilichokuwa kidogo kuliko cha wenzao Wazungu, kisha wakapanda gari la moshi kurudi kwao. Zahanati za wilayani zilikuwa chache, na kazi yao ilikuwa malaria, vidonda na chanjo. Kwa maradhi ya akili palikuwa na hospitali ya Mathari peke yake, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1910 mahali palipokuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Hapo awali iliitwa nyumba ya wenda wazimu, na mtu alifikishwa huko alipokuwa amekwisha washinda jamaa na askari polisi. Askari aliyekuwa akilima shamba lake mchana na kulia usiku hakuwa mtu wa kupelekwa Mathari, wala mwenyewe asingalikubali.

Tena palikuwa na kizuizi kilichokuwa kibaya kuliko upungufu wa hospitali, nacho ni mawazo ya waganga wenyewe. Daktari J. C. Carothers aliongoza Mathari tangu 1938 hata 1950, naye alipoanza kazi hiyo hakuwa amesomea maradhi ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya la Ulimwengu lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo alifundisha ya kwamba Mwafrika haitumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo, hata akamfananisha na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu hiyo kwa upasuaji. Elimu ya leo imeyakataa maneno hayo kabisa. Lakini fikirini madhara yake kwa wakati ule. Daktari anayeamini ya kwamba mtu hana mawazo mazito hatamwuliza habari za mawazo yake. Na asiyeuliza hapati jibu. Na asiyepata jibu huandika ya kwamba maradhi hayo hayako.

Kimya hicho kilikuwa hakijakwisha vita vingine vilipoanza, na safari hii vilipiganwa nyumbani. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari, iliyodumu hata 1960. Baadhi ya viongozi wa msituni walikuwa wamekwisha jifunza vita katika jeshi la Mfalme. Waruhiu Itote, aliyejulikana kwa jina la Jenerali China, alikuwa askari wa Keya huko Burma kabla ya kuongoza wapiganaji wa Mlima Kenya. Maelfu ya watu walifungwa katika kambi, na wengi walipigwa na kuteswa. Wengine walikuwa upande wa serikali, nao waliona na kutenda mambo wasiyoweza kuyasimulia. Jeraha la moyo haliulizi mtu alikuwa upande gani.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, watu wa pande zote mbili walirudi katika vijiji vile vile na masoko yale yale. Kunyamaza kulionekana kuwa ndiko amani. Chama cha Mau Mau kilibaki kimepigwa marufuku kisheria mpaka 2003. Mwaka 2007 sanamu ya Dedan Kimathi ilisimamishwa katikati ya Nairobi, katika mtaa wenye jina lake. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa, na mwaka 2015 ukumbusho wao ukafunguliwa katika bustani ya Uhuru.

Kabla ya malipo hayo, madaktari watatu wa Kenya walifanya jambo dogo ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko sanamu zote. Lukoye Atwoli, D. M. Kathuku na David Ndetei waliwatafuta wazee 181 waliopona kutoka kambi za Hali ya Hatari, wakawauliza juu ya usingizi wao, ndoto zao na hofu zao. Mwaka 2006 walitangaza matokeo: karibu theluthi mbili ya wazee hao walikuwa bado na maradhi ya kiwewe. Miaka hamsini ilikuwa imepita. Watu hao walikuwa wamelima, wameoza binti zao, wamezika wake na waume zao, na katika miaka yote hiyo waliingia mara nyingi katika zahanati wakapewa dawa za kichwa na za tumbo. Wahenga wanasema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini wazee hawa hawakuwa maiti, nao walipoulizwa walijibu.

Hapo ndipo ilipo shabaha ya insha hii. Maradhi ya kiwewe mara nyingi hayaji kwa daktari yakitaja jina lake. Askari mstaafu hasemi, "Moyo wangu umejeruhiwa." Husema kichwa kinauma, mgongo unauma, usingizi hauji, tumbo linachafuka. Pengine mkewe ndiye anayekuja, akisema mume amekuwa mlevi na mkali. Naye haendi kwa mabingwa wa maradhi ya akili, ambao katika Kenya ni wachache na wengi wao wako mijini. Huenda mahali alipozoea kupeleka watoto kuchanjwa. Kwa hiyo mtu wa kwanza anayeweza kumgundua ni muuguzi au tabibu wa kituo cha afya, kama amefundishwa kuuliza.

Tusidhani ya kuwa jambo hili ni la mababu tu. Mwezi wa Oktoba 1911 usingeweza kumkuta askari wa Kenya akipigania bendera yake mwenyewe. Mwezi wa Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde ilishambuliwa, na mwaka uliofuata ile ya Kulbiyow, na askari wengi waliuawa. Jeshi lina hospitali yake Nairobi, katika barabara ya Mbagathi, na askari aliye kazini aweza kutibiwa huko. Lakini askari hatakaa kazini milele. Siku moja huvua sare, akapanga nyumba Kangemi au Kawangware, au akarudi shambani kwao, na jirani yake wa karibu katika mambo ya afya huwa ni kituo cha serikali kilicho mtaani.

Je, kituo kama hicho chaweza kufanya nini? Katika mwaka 2013 Shirika la Afya la Ulimwengu, lile lile lililochapisha kitabu cha Carothers miaka sitini nyuma, lilitoa mwongozo kwa wahudumu wasio mabingwa juu ya watu waliopatwa na kiwewe. Mhudumu husikiliza, wala hamlazimishi mtu kusimulia asiyotaka kusimulia. Huuliza juu ya usingizi, pombe, na kama mtu amewaza kujiua. Humweleza ya kwamba hayo ni maradhi yanayojulikana, wala si wazimu wala laana. Hakimbilii kumpa dawa za kutuliza na kulaza, kwa maana zingine huzoeza mwili na kumfunga mtu. Humsaidia kurudi katika kazi, ibada na marafiki, na akizidiwa humpeleka kwa mabingwa, ambao wana njia za mazungumzo zilizothibitika kuponya wengi.

Kama mtu akisema hayo ni ndoto kwa nchi kama yetu, atazame Dagoretti, upande wa magharibi wa Nairobi. Huko mwaka 2015 lilianzishwa jaribio lenye wanawake 421 waliokuwa na dhiki ya moyo, na waliowahi kutendewa ukatili. Baadhi yao walipata matunzo ya kawaida ya muuguzi. Wengine walikutana na wahudumu wa afya wa jamii, watu wa mitaa hiyo hiyo waliopewa mafunzo mafupi, mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki tano. Walifundishwa kutuliza pumzi, kuyapanga matatizo yao moja moja, kurudia kazi walizoziacha, na kutafuta watu wa kuwategemeza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Miezi mitatu baada ya mafunzo, dhiki ya wanawake hao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao. Wanawake hao hawakuwa askari, na vita vya nyumbani si sawa na vita vya Burma au El Adde. Askari aliyeumia sana atahitaji bingwa. Lakini Dagoretti imeonyesha ya kwamba mlango wa kwanza waweza kufunguliwa na mtu wa mtaani, kwa lugha ya mtaani.

Wako watakaosema ya kwamba askari hodari hahitaji mambo haya. Hao nawaomba waikumbuke tena desturi ya Wanandi. Hapana aliyewaona Wanandi kuwa waoga. Walipigana na Waingereza tangu mwisho wa karne ya 19 hata mwaka 1905, wakaisumbua sana reli. Walakini watu hao hodari walijua ya kwamba mpiganaji hapaswi kutoka vitani na kuingia moja kwa moja nyumbani, kana kwamba hapana lililotukia. Kile kibanda cha kando ya mto kimetoweka, na hatuwezi kukirudisha. Kituo cha afya cha mtaani chaweza kufanya kazi yake kwa namna mpya, yaani kumpa aliyerudi muda, mahali na mtu wa kumsikiliza, bila aibu.

Ninyi mnaosoma maneno haya mtakuwa walimu, wauguzi, maafisa wa serikali na wazazi. Huenda tayari nyumbani kwenu yupo babu, mjomba au kaka ambaye usiku hupiga kelele usingizini, au ambaye fataki za sikukuu humfanya ajifungie chumbani. Msimcheke, wala msimlazimishe kusimulia vita kama hadithi. Mwambieni ya kwamba maradhi hayo yana jina na yana matibabu, kisha mmoja wenu afuatane naye mpaka kituo cha afya, akae naye katika benchi hata jina lake litakapoitwa.